AC kwenye gari la zamani: baba na mama wa Shumba wanabishana

Barua ya wiki hii imetoka Shumba, kaskazini mwa Pemba. Aliyeandika ni baba wa watoto watatu, mwalimu wa skuli, mwenye Toyota Starlet ya mwaka 1993 aliyoinunua Unguja na kuivusha kwa meli. Injini nzima, bodi nzima, ila haina AC, na anasema haikuwahi kuwa nayo tangu ilipotoka Japani. Sasa fundi mmoja wa Wete amemwambia kuna Starlet nyingine ya umri huo huo iliyogongwa nyuma, imelala uani kwa mtu, na AC yake ya kiwandani bado imo. Ataing'oa kule na kuifunga huku kwa siku mbili.

Mke hataki. Anasema gari lina matairi yaliyokwisha na breki zinazolia, na mtu mwenye akili zake hapozi gari lisilosimama. Kitinda mimba wao ana miaka miwili, ana pumu, na kila mwezi hupelekwa kliniki Chake Chake. Baba anaamini kiyoyozi kitampunguzia mtoto joto na vumbi la njiani. Mama anaamini kitamzidishia kifua. Barua ni ya baba, lakini mwishoni kuna mistari miwili ya mwandiko mwingine: tuamulieni.

Nimeichagua kwa sababu wenye swali hili ni wengi. Gari ndogo tunazopandia watoto wetu, visiwani na bara, ni mitumba ya Japani ya miaka ya tisini na kuja juu. Wakati ule, katika aina za bei ya chini, AC ilikuwa kitu cha kuongezea pesa, ndiyo maana utaona Starlet mbili pacha, moja inayo na nyingine haina. Na ziko ambazo zilikuwa nayo, ikafa, mafundi wakavinyofoa vifaa kimoja kimoja mpaka ikabaki swichi tu kwenye dashibodi. Wapo pia, tusichekane, wanaofunga vioo vyote juani na kuloa jasho ili mtaa ujue gari lina AC.

Mama ana haki juu ya kipi kitangulie. Baba ana haki kwamba faida ipo. Lakini katika barua nzima hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: ni gesi gani itakayotiwa, na ataitia nani?

Nieleze kwa nini. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto ndani ya gari na kulimwaga nje, na kinachobeba joto hilo ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba bila kutoka. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hiyo mpaka ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hupita kwenye kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta ya maji, ikapoa na kugeuka maji. Halafu hupita kwenye chujio la kukausha unyevu, ikafika kwenye vali yenye tundu dogo sana, na ikitoka pale inachemka ghafla na kuwa baridi kali. Baridi hiyo inaingia kwenye rejeta nyingine ndogo ambayo mafundi huiita ivapureta. Feni inapuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayotupiga usoni.

Ivapureta haikai chini ya boneti pamoja na vifaa vingine. Inakaa ndani, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, mbele ya magoti ya anayekaa kushoto. Ikivuja, gesi haiendi barabarani. Inaingia mnamokaa mama na watoto, vioo vikiwa vimefungwa. Ndiyo maana nasema hili si jambo la kumwachia baba na fundi wake peke yao.

Tuanze na fundi. Wazo lake la kuhamisha AC ya kiwandani kutoka gari pacha ni zuri, tena ni bora kuliko zile seti za kuungaunga zinazoning'inizwa chini ya dashibodi. Gari hizi ziliundwa zikisubiri AC. Kwenye Starlet isiyo nayo, mahali pa ivapureta pameachwa wazi na kuzibwa kwa bomba tupu la plastiki linalounganisha feni na sehemu ya kupashia joto. Ukilitoa bomba hilo, sanduku la ivapureta ya gari pacha linakaa palepale, bila msumeno. Matundu ya boliti za kompresa mara nyingi yako tayari kwenye injini, na katika gari nyingi hata plagi za nyaya utazikuta zimefungwa pembeni, hazijawahi kuguswa.

Lakini uzuri huo unakuja ikiwa kweli vitahamishwa vyote. Kishikio cha kompresa, puli yenye mfereji wa ziada, mkanda wake, feni ya kondensa, swichi inayozima kompresa shinikizo likizidi au gesi ikiisha, kipimo kidogo cha joto kinachokaa kwenye ivapureta, na kile kifaa kinachopandisha mzunguko wa injini kidogo kila AC inapowashwa. Hivi vidogo vya mwisho ndivyo fundi mwenye haraka husema si lazima. Bila kipandisha mzunguko, injini ndogo ya Starlet itazimika kila ukisimama na AC imewaka. Bila kile kipimo, ivapureta itaganda barafu na baada ya nusu saa hakuna hewa inayotoka. Bila swichi ya shinikizo, siku feni ya kondensa ikifa kwenye foleni, hakuna kitakachoizuia kompresa kuendelea kubana mpaka kitu kipasuke. Baba, kabla hujatoa hata shilingi, nenda ukaione hiyo Starlet ya uani kwa macho yako. Imegongwa nyuma, hiyo ni heri, kwa sababu kondensa iko mbele. Ila “kila kitu kipo” ni maneno. Fungua boneti uone.

Ukiwa hapo, tafuta kibandiko chini ya boneti au karibu na kondensa, kwa sababu mwaka wa gari lako ni mwaka wenye utata.

Kwa miaka mingi AC za magari duniani zilitumia gesi inayoitwa R12. Ni gesi isiyowaka moto na isiyo na sumu kali, kila mtu aliipenda. Kisha wanasayansi wakagundua kwamba gesi za aina hiyo zinapanda juu na kula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limekonda vibaya juu ya Antaktika, na Septemba 1987 nchi zikatia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo. Viwanda vya magari vikahamia gesi nyingine, R134a, na kwa Japani uhamaji huo ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya tisini, hasa kati ya 1992 na 1994. Starlet ya 1993 imeangukia katikati. Gari pacha la uani linaweza kuwa la gesi ya zamani au la gesi mpya, na kibandiko ndicho kitakachosema.

Kikisema R134a, umepata. Kikisema R12, usikate tamaa, lakini kazi imeongezeka. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 kufikia 1996, na nchi zinazoendelea zilipewa mpaka 2010. Kwa hiyo leo mtu akikuonyesha mtungi ulioandikwa R12, jiulize kilichomo ndani ni nini. Mfumo wa zamani unaweza kubadilishwa utumie R134a, ila si kwa kutia gesi juu ya gesi. Oili ya zamani ndani ya kompresa haichanganyiki na gesi mpya, kwa hiyo lazima itolewe na itiwe inayofaa. Mipira midogo ya kuzibia kwenye maungio ibadilishwe. Chujio la kukausha libadilishwe. Vichwa vya kujazia gesi vibadilishwe, kwa kuwa vya zamani ni vya kukaza kwa nati na vipya ni vya kubofya, na tofauti hiyo iliwekwa makusudi ili watu wasichanganye. Mabomba ya mpira ya zamani nayo hupitisha gesi mpya kidogo kidogo, hivyo kama yamekauka na kupasukapasuka, ni bora mapya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niijibu barua hii mbele ya nyingine zilizotangulia.

Wako mafundi, si wengi, lakini wako, ambao gari likija halina gesi na mwenyewe analalamikia bei, hutia gesi ya kupikia. Ile ile ya mtungi wa jikoni. Wengine huichanganya na R134a kidogo. Na itapoza! Tena itapoza vizuri, kwa sababu gesi hiyo kwa maumbile yake ni nzuri kwa kupozea. Majokofu mengi ya nyumbani siku hizi yametengenezwa kutumia gesi ya jamaa hiyo hiyo. Lakini jokofu la nyumbani lina gramu chache tu, limefungwa kiwandani, na halitikisiki. AC ya gari ndogo huchukua kama nusu kilo hivi au zaidi ya gesi yake ya kawaida, mabomba yake yameungwa kwa mipira na nati, injini inatikisika, na barabara zetu mnazijua.

Gesi ya kupikia ikifika kama sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa, inatosha kushika moto. Kwenye gari dogo lililofungwa vioo, hiyo ni gesi kidogo mno. Kinachohitajika baada ya hapo ni cheche ya swichi, au mtu mmoja kuwasha kiberiti. Fundi atakwambia ana miaka kumi anatia na hajaona gari kuungua. Huenda ni kweli. Mimi namuuliza kama watoto wake hupanda hizo gari.

Hata mtungi unaodaiwa kuwa wa R134a si kila mara ni R134a. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya kwenye meli yalilipuka Vietnam na Brazil, na wafanyakazi walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba yalikuwa yametiwa gesi ya bandia yenye kemikali inayopambana na aluminiamu ndani ya mitambo. Wale walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye vifaa, na walidanganywa. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya gesi iliyo nusu ya bei ya wengine wote, usifurahi haraka. Nunua mtungi uliofungwa, uone lebo yake, ufunguliwe mbele yako.

Na hapa mama anaweza kusaidia kuliko baba. Wanaume wengi huona haya kumhoji fundi. Mama muulize tu, kwa upole, kama unavyomuuliza muuza nyama: hii unayotia ni nini? Nionyeshe. Akikasirika, hiyo nayo ni jawabu.

Kazi yenyewe nayo haiwezi kuwa ya siku mbili za haraka haraka. Mfumo uliokaa uani umefunguliwa au umetobolewa mahali, na ukikaa wazi unanyonya unyevu, na hewa ya Pemba haina uhaba wa unyevu. Maji yakikutana na gesi na oili ndani ya mabomba hufanya tindikali inayokula vyuma taratibu. Kwa hiyo chujio la kukausha lazima liwe jipya hata kama la zamani linaonekana safi, kwa sababu limeshanywa maji likashiba. Kompresa izungushwe kwa mkono kwanza, igeuke laini bila kukwama. Mabomba yasafishwe ndani. Kondensa itazamwe kwa karibu, hasa kama gari lile lilikuwa likibeba samaki kutoka Tumbe au likilala karibu na pwani: chumvi hula aluminiamu mpaka mapezi yanapukutika ukiyagusa kwa kidole. Kondensa ya namna hiyo iache hukohuko.

Vikishafungwa, fundi anatakiwa kuunganisha pampu ya kunyonya hewa, aiache ifanye kazi nusu saa au zaidi, kisha aizime na kutazama geji. Sindano ikikaa mahali pake, hakuna tundu. Ikirudi, kuna tundu, na hapo hatii gesi mpaka alipate. Fundi asiye na pampu hiyo na geji zake ni fundi wa injini, huenda hodari kabisa wa injini, lakini kazi hii si yake. Muulize kama amepita mafunzo ya amali ya majokofu na viyoyozi, au alijifunza kwa nani. Gesi itiwe kwa kupimwa kwenye mizani kama inavyoelekeza lebo ya gari. Wanaotia kwa kushika bomba na kusema “sasa imepoa” huwa wamezidisha au wamepunguza.

Nije kwa mama. Hoja yako ya matairi na breki ni sahihi, na ningekuwa mimi ningeanza nayo. Sababu moja unaijua. Nyingine ni kwamba AC inaongeza mzigo juu ya gari zima. Kondensa inamwaga joto mbele ya rejeta, kwa hiyo gari ambalo tayari hupandisha moto kidogo litachemsha. Feni mbili na kompresa zinataka umeme, kwa hiyo betri iliyochoka na alteneta inayosuasua zitajulikana wiki ya kwanza. Injini ya Starlet ni ndogo. Kwenye vilima vya kuelekea Chake, watu watano ndani, baba ataizima AC mwenyewe ili gari lipande. Na mafuta yataongezeka. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema katika joto kali AC inaweza kupunguza mwendo unaoupata kwa kila lita kwa zaidi ya robo, hasa kwenye safari fupi. Safari zenu nyingi ni fupi: Shumba hadi Micheweni, Shumba hadi Konde. Kabla ya kumlipa fundi, kaeni muandike mafuta ya mwezi mmoja, muongeze theluthi, muone kama mkoba wa nyumbani unaibeba. Wasipopiga hesabu hiyo, wengi huishia na AC nzuri isiyowashwa.

Lakini mama, upande wa baba nao una jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulitaja. Anazungumzia joto la kaskazi. Kwa Pemba mimi ningezungumzia mvua. Wakati wa masika, watu watano ndani ya gari dogo, vioo vimefungwa kwa sababu nje inamwagika, pumzi zenu zinaganda kwenye kioo cha mbele, na dereva anakifuta kwa kitambaa huku anaendesha kwa mkono mmoja. AC hukausha hewa. Ukiiwasha na kuielekeza kwenye kioo, ukungu unaondoka ndani ya dakika chache. Yale maji yanayodondoka chini ya gari lenye AC ndiyo yale yaliyokuwa yakikaa kwenye kioo. Mimi hili naliona kubwa kuliko ubaridi wenyewe, kwa sababu barabara nyembamba yenye utelezi na watoto wanaotoka skuli pembeni si ya kuiona kwa kupapasa.

Na pumu ya mtoto je? Hapa mzazi asiamue kwa barua ya gazeti. Kliniki mnayo kila mwezi, muulizeni daktari anayemjua. Ninachoweza kusema ni haya. Vumbi ni mmoja wa maadui wakubwa wa mtoto mwenye pumu, na kufunga vioo kwenye njia ya udongo kunalipunguza. Katika hilo baba amesema kweli. Ukungu ni adui mwingine, na ivapureta yenye maji na giza ni nyumba nzuri ya ukungu, hasa iliyotoka kwenye gari lililolala uani. Katika hilo mama amesema kweli bila kujua sababu. Kwa hiyo sanduku hilo lifunguliwe na lioshwe kabisa kabla halijaingia kwenye gari lenu, na majani makavu, manyoya na viota vya panya vitolewe. Starlet za umri huo hazina kichujio cha hewa ya ndani, hivyo uchafu wote unaovutwa unakwenda moja kwa moja kwenye ivapureta. Mkikaribia nyumbani, zimeni AC dakika chache kabla ya kufika mkaacha feni ipulize, ivapureta ikauke. AC ikitoa harufu kama ya nguo zilizovundikwa, msiipulizie manukato, ipelekeni ikaoshwe.

Baridi kali ya ghafla usoni huweza kumchokoza kifua mtoto mwenye pumu. Msiwashe mpaka mwisho. Elekezeni hewa juu, si kwa mtoto, na mtoto akae nyuma, asipakatwe mbele. Vioo vifunguliwe kwanza dakika moja mbili joto lililojifungia litoke, ndipo AC iwashwe. Na pampu yake ya pumu iwe kwenye mkoba ule ule kila safari, AC ikiwapo au isiwepo.

Kuna jambo moja ambalo AC huliongezea hatari, nalo halihusiani na fundi. Gari likiwa na baridi, mzazi hushawishika kumwacha mtoto aliyelala ndani, injini ikiunguruma, “nachukua dawa tu narudi”. Gari la miaka thelathini huweza kuzimika lenyewe. Likizimika, joto halisubiri. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi kati ya 22 na 36. Ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Na bomba la moshi la gari la zamani likiwa limetoboka, moshi wake wenye gesi isiyo na harufu unaweza kuingia ndani gari likisimama huku linaunguruma. Mtoto ashuke na wewe. Akiamka akalia dukani, alie.

Basi, baba na mama wa Shumba, mimi ningefanya hivi. Mwezi huu matairi na breki, na bomba la moshi litazamwe. Wakati huohuo baba aende kuiona ile Starlet ya uani, asome kibandiko, na aweke ahadi na mwenye gari asije akauza kompresa peke yake kwa mtu mwingine, maana hiyo ndiyo huondoka ya kwanza. Mkishapata fedha, mpatane na fundi bei moja ya kazi nzima, chujio jipya na mipira mipya ikiwamo, iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la gesi. Mlipeni nusu. Nusu iliyobaki apewe baada ya wiki, mkiwa mmeshakwenda Chake na kurudi.

Katika safari hiyo chukueni kipimajoto chochote, kiwekeni kwenye tundu la hewa la katikati gari likiwa linatembea. Kikisoma kati ya nyuzi 5 na 12, kazi ni nzuri. Mkifika, mwacheni mmoja achungulie chini ya gari upande wa kushoto. Kwa unyevu wa kwetu lazima yadondoke maji. Kama chini ni pakavu, gusa zulia mbele ya kiti cha kushoto: likiwa limelowa, kibomba cha kutolea maji kimeziba au kilisahauliwa, na fundi arudi akakifunge kabla hamjamaliza malipo.

Na ikiwa kibandiko kitasema R12 na kondensa ikawa imeliwa na chumvi, acheni. Tafuteni gari pacha jingine, zipo nyingi zimelala.

Wiki ijayo tutajibu barua ya mama wa Tanga ambaye mtoto wake wa darasa la tatu amegoma kula skuli.